August Wöhler, fundi wa reli aliyepima chuma kinavyochoka

Treni ya Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hupita Igandu, wilayani Chamwino, kabla ya kuingia Dodoma. Wengi wanapakumbuka kwa ajali ya Juni 24, 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma mlimani, ikagonga ya mizigo na kuua zaidi ya watu 200.

Enzi za August Wöhler, watu wa reli walihofia balaa jingine: ekseli kukatika ghafla bila kuzidiwa mzigo. Mei 8, 1842, karibu na Versailles, Ufaransa, ekseli ya injini ilikatika, moto ukazuka, zaidi ya watu 50 wakafa.

Wöhler alizaliwa Juni 22, 1819, Soltau, Ujerumani. Mwaka 1847 alikabidhiwa karakana ya reli mjini Frankfurt an der Oder. Huko alitengeneza mashine za kuzungusha ekseli huku zikipindishwa kidogo, akahesabu mizunguko mpaka zikatike. Nyingine zilizunguka mamilioni ya mara! Ripoti yake ya mwisho ilitoka 1870.

Alichokiona ni hiki: mzigo ambao ukiwekwa mara moja haufanyi kitu, ukirudiwarudiwa unakata chuma. Ni kama waya tu. Kuukata kwa kuuvuta huwezi, ila ukunje huku na huku uone. Lakini mzigo ukiwa chini ya kiwango fulani, ekseli inadumu.

Kwa nini? Wengi waliamini mtikisiko ndio unaogeuza chuma kuwa punjepunje. Si kweli, chuma ni punjepunje tangu mwanzo. Mwaka 1903, Ewing na Humfrey wa Uingereza waliona kwa hadubini mistari ya kuteleza ndani ya punje ikigeuka nyufa. Ufa mchanga ukifika mpaka wa punje jirani hupunguza mwendo, pengine unakwama kabisa. Kiwango cha Wöhler kwa sehemu kubwa ndicho hicho: mzigo usioupa ufa nguvu ya kuvuka. Chuma chenye punje ndogo kina mipaka mingi, hivyo huchelewa kuchoka. Ufa ukishavuka punje kadhaa, mipaka haiuzuii tena.

Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani, ilifika Dodoma 1910 na Kigoma Februari 1914. Wöhler alifariki Hannover Machi 21 mwaka huohuo, akiwa na miaka 94.