Red Cloud: alishinda vita, akabaki na karatasi



Huyu mzee nilimfahamu kwa kuzunguka. Nilikuwa nasoma maisha ya Mtakatifu Katharine Drexel, yule binti tajiri wa Philadelphia aliyetoa mali yake kwa ajili ya maskini, nikakuta kwamba fedha zake zilijenga misheni ya Rozari Takatifu huko Pine Ridge, Dakota Kusini ya leo, mwaka 1888. Kumbe aliyewaomba Wajesuiti waje pale alikuwa chifu wa Kilakota, tena mpiganaji! Basi nikamwacha mtakatifu kidogo, nikamfuata chifu.

Jina lake Mahpiya Luta, yaani Wingu Jekundu. Dunia inamjua kama Red Cloud. Alizaliwa mnamo 1821 karibu na Mto Platte, Nebraska. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo sana, akalelewa na ndugu wa upande wa mama.

Mwaka 1866 serikali ya Marekani iliwaita machifu Fort Laramie. Ilitaka njia ya kupita katika nchi ya Mto Powder, mawindo yao ya nyati, kwenda kwenye dhahabu ya Montana. Wakiwa bado wanazungumza, kikosi cha askari kikatokea, kimekuja kujenga ngome kando ya njia hiyo hiyo. Sasa hapo wewe ungefanyaje? Red Cloud aliondoka mkutanoni akaenda vitani. Tarehe 21 Desemba Kapteni Fetterman na watu 80 waliokuwa naye waliuawa wote kwa siku moja. Sishangilii, nao walikuwa watoto wa watu. Lakini mwaka 1868 serikali ilikubali kuziacha ngome, na mzee hakuweka alama yake kwenye mkataba mpaka askari wameondoka na ngome zimeteketezwa.

Mkataba huo ulitambua nusu yote ya magharibi ya Dakota Kusini ya leo, pamoja na vilima vya Black Hills ambavyo kwao ni vitakatifu, kuwa nchi ya Wasioux, yaani Walakota na ndugu zao. Uliandika pia kwamba ardhi yao isichukuliwe mpaka robo tatu ya wanaume wazima watie saini.

Baada ya hapo hakupigana tena na Marekani. Mwaka 1870 alikwenda Washington kumwona Rais Grant, na huko ndiko alikogundua kwamba mkataba ulikuwa na mambo ambayo hakuwahi kuelezwa. Jamani! Mwaka 1874 dhahabu ikaonekana Black Hills, na mwaka 1877 Bunge likavichukua vilima. Waliotia saini walikuwa kama mtu mmoja kati ya kumi. Katika vita vya 1876 yeye alikuwa amebaki nyumbani, na baadhi ya watu wake walimwona amelegea. Mimi naona alikuwa ameshaiona miji ya Mashariki na kuhesabu watu wake.

Kuwapata Wajesuiti nako kulikuwa kazi, kwa sababu serikali ilikuwa imewagawia Waanglikani eneo lake. Aliomba miaka mingi. Nadhani mtu aliyedanganywa kwa karatasi anajua uzito wa kusoma. Yeye na mke wake walibatizwa Wakatoliki. Ila tusifiche: shule za bweni za wakati ule, za Kanisa na za serikali, ziliwakata watoto wa Kihindi Wekundu nywele na kuwazuia lugha yao. Hayo nadhani siyo aliyoyaomba.

Alikufa tarehe 10 Desemba 1909, macho yameshafifia, akazikwa kwenye makaburi ya misheni ile. Hadi uzeeni alikuwa akidai mkataba.

Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba walistahili kulipwa kwa vilima vilivyochukuliwa: zaidi ya dola milioni 100. Walikataa fedha, wanataka ardhi. Na mwaka 2016, bomba la mafuta lilipopangwa kupita chini ya Mto Missouri karibu na Standing Rock, wanakochota maji, walitaja tena mikataba ya mababu. Vijana wao walikimbia kwa miguu hadi Washington, wamebeba karatasi za saini.