Bibi Ummu Salama na Shauri Lake Siku ya Hudaibiya

Liko neno linalotajwa sana katika barza zetu, na hata katika baadhi ya darasa, kwamba wanawake washauriwe, kisha lifanywe kinyume cha walilolisema. Wanaolisema hulinasibisha kwa Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Sisi nasi tulilisikia tungali vijana chuoni, tukalichukua miaka mingi bila ya kuuliza limetoka wapi. Wanavyuoni wa Hadithi wamelichungua neno hili wakabainisha kuwa halina asili iliyothubutu kwa Mtume (s.a.w.). Lakini iko jawabu nyingine, nayo ni maisha ya bibi mmoja katika Mama wa Waumini. Tumeona ni wajibu wetu kuyaeleza hapa kwa ufupi, ili kila msomaji apime mwenyewe.

Bibi Ummu Salama (r.a.) jina lake ni Hind binti Abu Umayya, wa ukoo wa Makhzum, nao ni watu wakubwa katika Makureshi. Baba yake alikuwa karimu mno. Akisafiri, chakula cha wote aliofuatana nao huwa juu yake, hata akapewa lakabu ya masurufu ya msafiri. Bibi Hind aliolewa na Abu Salama, ambaye ni mwana wa shangazi lake Mtume (s.a.w.) na nduguye wa kunyonya. Wote wawili walikuwa katika watu wa mwanzo kusilimu. Maudhi ya Makureshi yalipozidi, walihama kwenda Uhabeshi pamoja na waliohama mwaka 615, wakapata amani kwa Najashi katika bara hili letu la Afrika. Habari mashuhuri ya Jaafar bin Abi Talib aliposimama mbele ya mfalme huyo kuitetea dini, imetufikia kwa mapokezi ya bibi huyu. Aliyaona, akayahifadhi, na akayafikisha.

Waliporejea Maka na ikaja amri ya kuhamia Madina, yalimfika mambo ambayo wengi wasingeyastahimili. Abu Salama alimpandisha juu ya ngamia pamoja na mwana wao mchanga, wakashika njia. Jamaa za bibi wakawazuia, wakasema kuwa mume na aende atakako, lakini binti yao hatoki. Jamaa za mume nao wakaghadhibika, wakamnyakua mtoto. Pande mbili zikavutana hata mkono wa mtoto ukateguka. Basi mume akaenda Madina peke yake, mtoto akachukuliwa na jamaa za babake, na mama akabaki kwao. Muda wa mwaka au karibu yake alikuwa akitoka kila asubuhi, akikaa mahali paitwapo Al-Abtah, akilia mpaka jioni. Hata jamaa yake mmoja akamhurumia, akawasemeza watu wake wakamwachia, na mwanawe akarudishiwa.

Alipanda ngamia yake na mwanawe mapajani, akatoka Maka bila ya mwenziwe yeyote, na safari hiyo ni mamia ya maili ya jangwa. Alipofika Tanim alikutana na Uthman bin Talha, mtu ambaye wakati huo hajasilimu. Yeye aliona aibu kumwacha bibi peke yake, akaishika hatamu ya ngamia akamwongoza mpaka Kuba. Kila watuapo humpigisha ngamia magoti kisha hujitenga mbali, bibi ateremke kwa sitara yake. Alipomfikisha alirudi zake Maka. Bibi Ummu Salama hakuusahau wema huo, na alikuwa akimsifu kuwa hajapata kufuatana na mtu muungwana kuliko yeye. Huo ndio uadilifu: haki husemwa hata kwa asiyekuwa wa dini yako.

Raha ya Madina haikudumu. Abu Salama alijeruhiwa katika vita vya Uhud mwaka wa 3 wa Hijra. Jeraha likapona juu juu, kisha likafumuka, akafa mwaka wa 4, akamwachia mjane na watoto wadogo. Bibi alikuwa amefunzwa dua ya mwenye kufikwa na msiba, ya kumwomba Mwenyezi Mungu ujira na badala iliyo bora. Aliisoma, huku moyoni akijiuliza ni nani awezaye kuwa bora kuliko Abu Salama. Sayyidna Abubakar na Sayyidna Umar (r.a.) walimposa, naye hakukubali. Kisha akaposwa na Mtume (s.a.w.). Hata hapo hakukimbilia kuitika, bali alieleza udhuru wake waziwazi: umri wake umekwenda, ana wivu mwingi, na ana watoto. Mtume (s.a.w.) alimjibu kuwa yeye ni mkubwa zaidi kwa umri, kwamba atamwombea Mungu amwondolee wivu, na kwamba watoto wake watakuwa katika uangalizi wa Mungu na Mtume wake. Ndipo akaolewa, mwaka huo wa 4.

Sasa twafika kwenye jambo lililotushikisha kalamu. Mwaka wa 6 wa Hijra, yaani 628, Mtume (s.a.w.) alitoka na Masahaba wapatao 1,400 kwenda kufanya umra, naye Bibi Ummu Salama alikuwamo katika safari hiyo. Makureshi wakawazuia Hudaibiya. Yakaandikwa mapatano kwamba vita visimame miaka 10, na Waislamu warudi mwaka ule bila ya kuiona Al-Kaaba. Masahaba walihuzunika sana. Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha wachinje wanyama wao na wanyoe nywele, akakariri mara tatu, asisimame hata mmoja. Nao hawakuwa waasi, kwani hao ndio waliompa ahadi chini ya mti siku zile zile. Lakini huzuni iliwalemea, na huenda walitaraji kuwa amri itabadilika.

Mtume (s.a.w.) aliingia kwa Bibi Ummu Salama akamweleza yaliyomfika. Bibi hakuwalaumu watu, wala hakurefusha maneno. Alimshauri atoke asiseme na yeyote, amchinje ngamia wake, na amwite kinyozi wake amnyoe. Alifahamu kuwa pale maneno yalikwisha kusemwa, na kilichobaki ni kitendo. Mtume (s.a.w.) akatoka, akafanya vile vile. Masahaba walipomwona waliinuka wote, wakachinja, wakanyoana wao kwa wao, hata kwa msongamano wakakaribia kuumizana. Na katika kurudi ikateremka Suratul Fath.

Basi na tuzingatie. Huyu ni Mtume ashukiwaye na wahyi, mwenye akili timamu kuliko watu wote, naye alilisikiliza shauri la mkewe akalifuata mbele ya watu 1,400. Lau lile neno la barazani lingekuwa lake, siku ile angefanya kinyume. Ibn Hajar, katika sherehe yake ya Bukhari, ameitaja habari hii kuwa ni dalili ya kujuzu kumshauri mwanamke mwema, na dalili ya wingi wa akili ya bibi huyu.

Akili hiyo ilishiba kwa elimu. Siku moja kijakazi wake alikuwa akimchana nywele, akamsikia Mtume (s.a.w.) akiwaita watu kuwahutubia. Akamwambia kijakazi asogee. Yule akamjibu kuwa wanaoitwa ni wanaume. Bibi akasema kuwa yeye naye ni katika watu, akaenda kusikiliza. Hadithi zilizopokewa kwake zimefika 378, na Masahaba na waliokuja baada yao walikuwa wakimwendea kumuuliza. Yeye ndiye wa mwisho kufa katika wakeze Mtume (s.a.w.), akazikwa Bakii.

Hatusemi kuwa kila shauri la mwanamke hufuatwa, kama vile ambavyo si kila shauri la mwanamume hufuatwa. Yote hupimwa. Lakini yuko katika sisi anayemwoza binti yake bila ya kumuuliza mama aliyemlea, na anayeuza nyumba mkewe asijue mpaka mnunuzi abishe hodi, kisha husema kuwa hiyo ndiyo dini. Na yuko anayemnyima binti yake elimu, kisha akalalamika kuwa wanawake hawana shauri. Ndugu zetu, tusimzulie Mtume wetu (s.a.w.) neno asilolisema, tukaiacha sunna aliyoitenda. Mwenyezi Mungu amridhie Bibi Ummu Salama, na atujaalie sisi na watu wa nyumba zetu kuifuata haki popote itokapo. Amin.