Kiichiro Toyoda: alifuta ghala kiwandani, akaangushwa na madeni

Mwenye Hiace ya abiria Namanga au Hilux ya mizigo Tunduma huenda hajawahi kusikia jina la Kiichiro Toyoda. Hata lililoandikwa kwenye gari lake si lile lile. Mwaka 1936 kampuni ilibadilisha herufi moja, Toyoda ikawa Toyota, kwa kuwa kwa maandishi ya Kijapani jina jipya lina mistari minane, na nane kwao ni namba ya bahati.

Alizaliwa Juni 1894. Baba yake, Sakichi, alikuwa mtoto wa seremala aliyejipatia sifa kwa kubuni mashine za kufumia nguo. Mashine yao ya mwaka 1924 ilisimama yenyewe uzi ulipokatika, hivyo mfanyakazi mmoja aliweza kuangalia mashine zaidi ya 20 bila kuharibu kitambaa. Waingereza wa Platt Brothers, waliokuwa vigogo wa mashine hizo, walinunua haki ya kuitengeneza mwaka 1929. Mwaka uliofuata Sakichi alifariki, na Kiichiro, msomi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Tokyo, akaanza kuchezea injini ndogo za petroli.

Wengi walimwona anapoteza mali ya familia. Ford walikuwa wakiunganisha magari Yokohama tangu 1925, na General Motors wakiwa Osaka tangu 1927. Hata hivyo, mwaka 1933 alifungua idara ya magari ndani ya kiwanda cha mashine za nguo, na Novemba 1935 lori lake la kwanza, G1, likaingia sokoni.

Wasafirishaji watalielewa lori hilo. Lilikuwa linaharibika njiani mara kwa mara. Badala ya kulaumu madereva, kampuni ilituma mafundi hadi gari lilipokwama, wakalitengeneza, na kila hitilafu ikarudishwa kiwandani ili irekebishwe kwenye malori yaliyofuata. Mteja aliyevumilia usumbufu huo ndiye aliyewafundisha kazi.

Novemba 1938 alifungua kiwanda kikubwa katika mji wa Koromo, ambao tangu 1959 unaitwa Toyota. Hapo ndipo alipojaribu wazo lake kubwa: kila kipuri kitengenezwe kwa idadi inayotakiwa, na kifike pale kinapohitajika, si kabla wala baada. Aliandika mwongozo mnene wa sentimita kama 10 kueleza utaratibu huo. Kwa hesabu za kibiashara, chuma kilicholala stoo ni fedha iliyolala, na yeye hakuwa na fedha ya kulaza kama Wamarekani. Vita viliuvuruga mpango huo, maana serikali ilianza kugawa malighafi na kuamuru kipi kitengenezwe.

Utaratibu huu una sharti lake, nalo linatuhusu sisi wa huku. Kiwanda kisicho na akiba hutegemea lori linalofika kwa wakati. Mahali ambapo mzigo unaweza kukaa mpakani siku moja au siku nane, meneja anayejaza ghala hafanyi ujinga. Analipia foleni.

Kilichomwangusha Kiichiro hakikuwa kipuri. Mwaka 1949 serikali ya Japani ilibana matumizi ili kushusha bei, wateja waliochukua malori kwa mkopo wakashindwa kulipa, na kampuni iliyouza vizuri ikajikuta haina fedha za mishahara. Benki zilikubali kuinusuru kwa masharti, likiwemo la kutenga mauzo yawe kampuni ya pekee. Menejimenti ikapanga kupunguza watu wapatao 1,600. Kiichiro aliwahi kuahidi kwamba hatafukuza mtu. Wafanyakazi waligoma kwa takriban miezi miwili, na Juni 1950 akajiuzulu urais ili naye abebe sehemu ya mzigo.

Wiki chache baada ya hapo vita vya Korea vilianza. Mwezi Julai jeshi la Marekani liliagiza malori 1,000, na baadaye jumla ikapita 4,000. Yalilipwa kwa fedha taslimu, na kampuni ikaanza kupata faida chini ya mkuu mwingine, Taizo Ishida.

Ishida alimwomba arudi, naye akakubali. Hakuwahi kurudi. Alifariki tarehe 27 Machi 1952 akiwa na miaka 57.

Wazo la kufuta ghala lilibaki mikononi mwa Taiichi Ohno, aliyelitengenezea mfumo wa kadi za kuagizia vipuri kutoka hatua moja hadi nyingine ndani ya kiwanda. Kaizen, iliyokua katika viwanda vya Japani vya namna hiyo, imefika hadi ukanda wetu; Ethiopia ilianzisha taasisi yake ya kaizen mwaka 2011. Gari la abiria la Kijapani ambalo Kiichiro alilitaka tangu mwanzo, Toyota Crown, lilitoka Januari 1955.