Michael Faraday na Mota ya Umeme

Je, umewahi kumtazama fundi wa pancha pale Kilole, Korogwe, akijaza upepo katika gurudumu la lori? Mashine yake ina mota, pampu na tangi la kuhifadhia hewa. Mota huzungusha puli ndogo, na mkanda huupeleka mwendo huo kwenye puli kubwa ya pampu. Sasa utasoma habari za mtu wa kwanza kuufanya umeme uzungushe kitu mfululizo.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, karibu na London, Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya dhaifu, na chakula kilikuwa haba nyumbani. Faraday alisoma shule kwa muda mfupi tu. Alipofika umri wa miaka 14 alianza kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, akaifanya kwa miaka saba. Hakuishia kushona kurasa, bali alizisoma pia. Habari za umeme zilimvutia sana, akatumia fedha zake chache kununua vifaa vya majaribio.

Mwaka 1812 alipata nafasi ya kusikiliza mihadhara ya mwanasayansi Humphry Davy. Aliandika kwa makini yote aliyoyasikia, akayajalidi, kisha akampelekea Davy na kuomba kazi. Mwaka 1813 akawa msaidizi katika maabara yake.

Mwaka 1821 Faraday alisimamisha sumaku ndani ya chombo chenye zebaki, akaning'iniza waya ambao ncha yake iligusa zebaki hiyo. Alipopitisha umeme, waya uliizunguka sumaku bila kusukumwa na mkono. Hiyo ndiyo asili ya mota. (Zebaki ni sumu, usifanye jaribio hili.) Mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya, umeme hutokea. Kwa kanuni hiyo kilijengwa kituo cha kufua umeme cha Hale, kinachotumia maji ya Mto Pangani. Faraday alifariki tarehe 25 Agosti 1867.

Faraday hakujua hesabu nyingi, lakini alipima na kuandika kila alichokiona. Fundi wa Kilole naye hana budi kupima. Tuseme mota yake huzunguka mara 1,400 kwa dakika, na puli yake ina kipenyo cha sentimita 10. Pampu inatakiwa kuzunguka mara 700 tu. Zidisha 1,400 kwa 10, upate 14,000. Gawanya kwa 700. Jibu ni 20. Basi puli ya pampu iwe na kipenyo cha sentimita 20.

Mota hiyo ikiungua, fundi akafunga nyingine inayozunguka mara 2,800 bila kubadili puli, pampu itazunguka mara 1,400. Itapata joto kali na kuharibika upesi. Akitaka kuiokoa, ataweka kwenye mota puli ya sentimita 5. Vilevile mota mpya isiwe na nguvu pungufu kuliko pampu inavyohitaji, kwani italemewa, nayo itaungua.

Kumbuka: mkanda unaozunguka huweza kukata vidole. Lazima ufunikwe kwa wavu wa chuma, na umeme uzimwe kabla ya kuugusa.

Nawe, kama Faraday, usipite penye mashine bila kujiuliza inavyofanya kazi.

Maswali
1. Faraday alifanya kazi gani kabla ya kuwa mwanasayansi?
2. Mota inazunguka mara 1,500 kwa dakika na puli yake ina kipenyo cha sentimita 8. Puli ya pampu ina sentimita 24. Pampu itazunguka mara ngapi kwa dakika?
3. Kwa nini mkanda wa mashine hufunikwa kwa wavu?