Kirilo Japhet na Ardhi ya Wameru

Jina la Kirilo Japhet lajulikana kwa wanachama wengi, lakini wengi hulikumbuka kwa ile safari yake ya ng'ambo tu. Katika kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi tumeona yafaa kueleza jinsi safari ile ilivyopatikana, maana hapo ndipo penye habari inayotuhusu sisi wakulima wa ushirika.

Tangu enzi ya Wadachi mashamba ya walowezi yaliuzunguka mlima Meru mfano wa mshipi, na wenyeji wakabanwa kati ya mashamba hayo na msitu. Mwaka 1946 Serikali ya Kiingereza ilimteua Jaji Mark Wilson achunguze ardhi ya Arusha na Moshi. Shauri lake likawa kwamba nchi iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro ifanywe eneo moja la Wazungu, na Wameru wa Ngare Nanyuki wahamishiwe Kingori. Wenyewe hawakukubali. Novemba 1951 wakaondolewa kwa nguvu: watu wapatao 3,000 walitolewa, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa, ili yapatikane mashamba 13 ya walowezi.

Hasira ilikuwapo, na ni nani asiyekuwa nayo akiona paa lake likiungua? Hata hivyo Wameru hawakushika silaha. Walikataa fidia, kwa kuwa kuipokea kungekuwa kukiri kwamba ardhi imeuzwa. Kisha wakachanga fedha. Kwa michango hiyo, iliyotoka kwa watu waliokwisha poteza nyumba na mazao, walimpeleka Kirilo New York pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Sisi tunaojua taabu ya kukusanya ada za wanachama hata katika mwaka wa mavuno mema twaweza kupima uzito wa jambo hilo.

Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na kwa hiyo raia wake walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko Umoja wa Mataifa. Julai 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini, wa kwanza kutoka Tanganyika kufanya hivyo. Baraza lilisikitikia uhamisho ule, lakini halikuamuru ardhi irudishwe. Shauri lilipofika Mkutano Mkuu mwishoni mwa mwaka huo, azimio la kuwaunga mkono Wameru lilipata kura nyingi, ila hazikutimia theluthi mbili zilizotakiwa. Kwa hukumu ya karatasi, basi, Kirilo alirudi mikono mitupu.

Lakini aliporudi alizunguka nchini akiwasimulia watu wa Chama cha Waafrika yaliyotokea, na mikoa iliyokuwa haijapata kusikia jina la Ngare Nanyuki ikatambua kwamba yaliyowapata Wameru yaweza kuwapata wao pia. Chama hicho ndicho kilichogeuka TANU mwaka 1954.

Siku hizi, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ugomvi wa mpaka waweza kusuluhishwa mbele ya baraza la kijiji, mwendo wa nusu saa kutoka shambani. Kirilo ilimbidi avuke bahari. Mwaka 1967 yeye na Seaton walitoa kitabu juu ya kesi hiyo, kilichochapwa Nairobi. Alifariki mwaka 1997.