Aldo Leopold: Bwana misitu aliyetaka kulungu jike wawindwe, wananchi wakamjia juu

Mwaka 1943, profesa mmoja katika jimbo la Wisconsin, Marekani, aliwaambia wawindaji kitu ambacho wengi hawakutaka kukisikia: kulungu wamezidi, msitu unaliwa ukaisha, na dawa yake ni kuruhusu majike wawindwe.

Jina lake ni Aldo Leopold. Leo anahesabiwa kati ya watu wakubwa kabisa katika historia ya uhifadhi duniani. Lakini wakati ule, kwa maelfu ya wakazi wa jimbo lake, alikuwa ni yule jamaa aliyetaka kuwamaliza kulungu wao.

Hii ndiyo safari yake, kuanzia kijana aliyepiga risasi mbwa mwitu hadi mzee aliyegombana na wawindaji wenzake.

Mtoto wa mtengeneza meza

Leopold alizaliwa Januari 11, 1887 katika mji wa Burlington, jimbo la Iowa, pembeni ya Mto Mississippi. Baba yake, Carl, alikuwa na kiwanda cha meza za ofisini. Mwisho wa wiki mzee alichukua bunduki na kwenda na wanawe kuwinda bata kwenye mabwawa ya mto.

Carl alikuwa na kitu cha tofauti. Wakati huo sheria za uwindaji zilikuwa chache, na mtu angeweza kuua ndege kadiri alivyotaka. Yeye alijiwekea kikomo chake mwenyewe. Aliacha kuwinda bata majira ya kuchipua, wakati ndege wanakwenda kutaga, kabla sheria haijamkataza. Mtoto akaona, akajifunza.

Akasoma misitu katika Chuo Kikuu cha Yale, akamaliza shahada ya uzamili mwaka 1909. Mwaka huohuo akaajiriwa na Idara ya Misitu ya Marekani na kupelekwa Arizona, ambayo ilikuwa bado haijawa jimbo kamili.

Risasi iliyomfuata maisha yote

Akiwa bado mgeni kazini, Leopold na wenzake walikuwa wamepumzika juu ya jabali, chini yao mto. Wakaona mnyama anavuka maji. Kumbe ni mbwa mwitu jike, na watoto wake wakubwa wakamkimbilia kumpokea.

Enzi hizo hakuna aliyejiuliza mara mbili. Mbwa mwitu alikuwa adui wa mifugo na adui wa mwindaji, basi. Wakafyatua risasi. Leopold akateremka, akamkuta yule jike anakata roho.

Hakubadilika siku hiyo. Miaka kadhaa iliyofuata aliendelea kuamini hesabu iliyoonekana rahisi: mbwa mwitu wakipungua, kulungu wataongezeka, na wawindaji watafurahi. Mwaka 1915 alianza kuzunguka New Mexico na Arizona akiunda vyama vya wawindaji vya kulinda wanyama, na ajenda mojawapo ilikuwa kuwafyeka mbwa mwitu na puma. Aliandika hata jarida la kueneza wazo hilo.

Ilimchukua miaka zaidi ya 30 kuandika hadharani kwamba alikosea. Makala yake kuhusu mbwa mwitu yule aliiandika mwaka 1944, wakati vita vya kulungu vya Wisconsin vikiwa vimepamba moto.

Alinusurika kifo

Mwaka 1912 alimuoa Estella Bergere, binti wa familia yenye jina huko New Mexico. Walijaliwa watoto watano, na kadhaa kati yao baadaye wakawa wanasayansi wenye majina makubwa.

Mwaka uliofuata nusura afe. Alinyeshewa na kupigwa na baridi akiwa safarini kikazi, figo zikavimba, akalala kitandani miezi mingi. Kurudi kazini kulimchukua zaidi ya mwaka mzima.

Aliporudi, alikuwa mtu wa kutazama mbali zaidi. Juni 1924, kutokana na pendekezo lake, Idara ya Misitu ilitenga eneo la Gila huko New Mexico libaki bila barabara wala majengo. Lilikuwa la kwanza la aina hiyo nchini Marekani.

Mwaka huohuo alihamia Madison, makao makuu ya Wisconsin. Mwaka 1933 alichapisha kitabu cha kiada kuhusu usimamizi wa wanyama wa kuwindwa, na Chuo Kikuu cha Wisconsin kikampa uprofesa wa fani hiyo, wa kwanza nchini humo.

Hesabu ilipogoma

Huku nyuma, hesabu ya mbwa mwitu na kulungu ilikuwa imeanza kugoma.

Kwenye uwanda wa Kaibab, kaskazini mwa Grand Canyon, serikali ilipiga marufuku uwindaji wa kulungu kuanzia 1906 na kuwaua puma, mbwa mwitu na wanyama wengine walao nyama. Kulungu wakaongezeka kupita kiasi, wakatafuna kila jani walilolifikia. Katikati ya miaka ya 1920 walianza kufa kwa njaa, maelfu kwa maelfu.

Mwaka 1935 Leopold alikwenda Ujerumani, akakuta misitu iliyopangwa vizuri kama shamba la mahindi, ila chini ya miti ni patupu. Kulungu walikuwa wengi mno na miche haikui. Mwaka uliofuata akaenda milima ya Chihuahua, Mexico, ambako mbwa mwitu na puma walikuwa bado wapo. Huko kulungu walikuwepo na msitu ulikuwa na afya.

Aliporudi Wisconsin, alianza kuona Kaibab nyingine inakuja.

Kwa nini jike?

Ili uelewe hasira za wananchi, lazima uelewe walikotoka.

Mwishoni mwa karne ya 19, kulungu wa Wisconsin waliwindwa ovyo, nyama ikasafirishwa kwa treni kwenda kuuzwa mijini. Elki, ndugu yao mkubwa ambaye dume wake hufikia uzito wa kilo 300 na zaidi, alitoweka kabisa katika jimbo hilo. Kilichookoa kulungu, kwa imani ya wengi, ni sheria ya mwaka 1915 iliyoruhusu kuwinda madume tu. Kwa mwindaji wa kawaida, kumpiga risasi jike ilikuwa sawa na kula mbegu uliyoiweka ya msimu ujao. Baba alimfundisha mwanawe hivyo.

Lakini mambo yalikuwa yamebadilika. Baada ya misitu mikubwa kukatwa na kuungua, vichaka vichanga vilichipua kila mahali, na kwa kulungu hiyo ni karamu. Mbwa mwitu walikuwa karibu wamekwisha. Na kwa kuwa dume mmoja anaweza kupanda majike wengi, kuua madume pekee hakukupunguza kuzaana.

Shida ilionekana wakati wa baridi kali. Theluji ikijaa, kulungu wa kaskazini hujikusanya kwenye mabonde yenye miti ya kuzuia upepo. Hukaa hapo wiki nyingi, wakila matawi wanayoweza kuyafikia. Matawi yakiisha, wadogo hufa kwanza, maana shingo zao ni fupi. Watu waliwapelekea nyasi kavu kwa huruma, lakini chakula hicho hakikurudisha msitu, na kulungu waliopona walizaa tena.

Kamati ya wananchi

Wisconsin ilikuwa na utaratibu wake. Tangu 1927, kanuni za uwindaji zilikuwa mikononi mwa Tume ya Uhifadhi yenye wajumbe sita. Na kuanzia 1934 kulikuwa na Baraza la Uhifadhi, ambamo wananchi wa kila kaunti walipeleka wawakilishi wao kutoa maoni kuhusu misimu na idadi ya wanyama wa kuwindwa. Yaani mkulima, mwalimu na mwenye hoteli ya watalii wote walikuwa na mdomo kwenye jambo hili.

Mwaka 1942 tume iliunda kamati ya wananchi tisa kuchunguza suala la kulungu. Leopold akawa mwenyekiti.

Kamati haikukaa ofisini. Majira ya baridi ilikwenda kaskazini, wajumbe wakatembea kwenye theluji hadi mabondeni. Wapo waliokwenda na mashaka, wakajionea kwa macho mizoga ya kulungu wachanga na miti iliyotafunwa hadi mahali mnyama asipoweza kufika tena. Ripoti ikasema wazi: wapunguzwe, majike wakiwemo.

Mwaka huo 1943, gavana akamteua Leopold kuingia kwenye tume yenyewe kwa miaka sita, kazi isiyo na mshahara. Sasa hakuwa mshauri tena. Kura yake ilikuwa inahesabiwa.

Msimu wa lawama

Tume ikakubali jaribio. Novemba 1943 ulifunguliwa msimu wa vipande viwili: siku nne za kuwinda madume, mapumziko mafupi, kisha siku nne nyingine za kuwinda kulungu wasio na pembe, yaani majike na wachanga.

Waliouawa walikadiriwa kuwa 128,000, karibu mara tatu ya mwaka uliotangulia.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Wawindaji walisimulia jinsi msitu ulivyonuka damu. Wenye hoteli za kaskazini walisema watalii hawatakuja tena maana hakuna kulungu wa kuwaonyesha. Msimu ule ukabandikwa jina la uhalifu wa mwaka 43. Lilianzishwa hadi gazeti maalumu la kutetea kulungu wa Wisconsin, na kazi yake kubwa ilikuwa kumshambulia Leopold na wenzake.

Wapinzani wake hawakuwa watu wa hovyo. Walikuwa na hoja: nani amewahesabu hawa kulungu kwa uhakika? Hesabu za wakati ule zilikuwa za makadirio, na Leopold mwenyewe alijua. Pia walikuwa na kumbukumbu ya wanyama kumalizwa, na elki alikuwa mfano hai wa mnyama aliyekwisha.

Leopold alijibu barua, akaandika makala, akahudhuria vikao ambako alizomewa. Aliamini kwamba bila mwananchi kuelewa, hakuna kanuni itakayodumu. Tatizo ni kwamba kumwelewesha mtu huchukua miaka, na msitu ulikuwa unaliwa kila majira ya baridi.

Mwaka uliofuata tume ikarudi nyuma. Ikawa ni madume tu tena, na hali ikabaki hivyo kwa muda wote uliobaki wa maisha yake.

Moto wa mwisho

Mwaka 1935 familia ilikuwa imenunua shamba lililochakaa kando ya Mto Wisconsin, udongo umechoka, nyumba imeungua. Kilichobaki ni banda la kuku. Wakalifagia, wakaligeuza kibanda cha kulala, na kila mwaka wakapanda maelfu ya miche ya misonobari. Mingi ilikufa kwa ukame. Wakapanda tena.

Hapo ndipo alipokusanya mawazo ya kitabu chake kikubwa. Wachapishaji walikikataa mara kadhaa. Aprili 14, 1948, Oxford University Press wakamjulisha kwamba wanakichukua.

Wiki moja baadaye, Aprili 21, moto wa nyasi ulizuka kwenye shamba la jirani. Leopold, mwenye miaka 61, akaenda kusaidia kuuzima. Moyo ukasimama, akafia hapohapo. Alizikwa Burlington, mji aliozaliwa.

Kitabu chake, A Sand County Almanac, kilitoka mwaka 1949 na kimeuza nakala zaidi ya milioni mbili. Mwaka huohuo 1949, Wisconsin iliruhusu tena kuwinda kulungu wasio na pembe. Waliouawa walizidi wale wa 1943, na kulungu hawakwisha.

Kilichobaki

Elki naye amerudi. Mwaka 1995 walipelekwa 25 kutoka Michigan na kuachiwa karibu na Clam Lake, kaskazini mwa Wisconsin. Wakaongezeka, na mwaka 2018 jimbo likafungua msimu wa kwanza wa kuwawinda katika historia yake ya sasa. Vibali ni vichache mno, na anayetaka huomba kisha bahati nasibu ikaamua.

Utaratibu wa maoni nao upo mpaka leo. Kila majira ya kuchipua, wananchi wa kaunti zote 72 huulizwa kuhusu kanuni mpya za uwindaji na uvuvi, na sasa wanaweza kupiga kura kwa simu au kompyuta. Tangu 2014 kila kaunti ina baraza lake dogo la kushauri kuhusu kulungu. Moja ya maswali yanayorudi mezani kila mwaka ni lilelile lililomgombanisha Leopold na majirani zake: safari hii, majike wangapi?