Kinjikitile Ngwale: Nani Aliyetenda?



Ndugu msomaji, hapa Lionja ukitaja neno mtendaji, watu humfikiria mtendaji wa kijiji. Katika falsafa tunamzungumzia mtenda, yaani yule ambaye tendo linaanzia kwake. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba mtu ni bwana wa matendo yake kwa akili na utashi. Jiwe likikupiga halina kosa, aliyelitupa ndiye anayeulizwa. Maisha ya Kinjikitile Ngwale yanatupa somo hilo.

Kinjikitile alikaa Ngarambe, karibu na milima ya Umatumbi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1904 alipagawa na pepo aitwaye Hongo, akazama katika kidimbwi cha mto, na kesho yake akatoka nguo zake zikiwa kavu. Akaanza kugawa maji ya dawa, yaliyoaminiwa kuzuia risasi. Watu wa makabila mengi wakamiminika kwake.

Wakati huo utawala wa Wajerumani uliwalazimisha watu kulima pamba, na viboko havikukosekana. Kadiri ya masimulizi ya wazee, Kinjikitile aliwaambia wasubiri amri yake kabla ya kupigana. Wamatumbi hawakusubiri. Julai 1905, huko Nandete, waling'oa pamba. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Hata hivyo vita viliendelea hadi 1907, vikapita Umwera, na misheni za Nyangao na Lukuledi zikachomwa.

Basi, nani aliyetenda? Wapo wanaosema ni Hongo. Wapo wanaosema mganga mmoja aliwadanganya wajinga. Majibu yote mawili yanamfanya mkulima kuwa jiwe lililotupwa. Lakini yule mkulima alionja kiboko, akapima, akaamua. Mganga alipokufa, uamuzi haukufa naye.

Ila heshima hii ina gharama. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Kasiani Spiss, mabruda wawili na masista wawili, wakiwa safarini kwenda Peramiho, waliuawa Mikukuyumbu, upande wa Liwale. Tukisema watu wenyewe waling'oa pamba, hatuwezi kugeuka na kusema damu hii ilimwagwa na pepo. Vilevile maofisa waliochoma mashamba na maghala, hata njaa ikaua wengi kuliko risasi, hawawezi kujificha nyuma ya amri. Naye Kinjikitile, hata kama aliamini kwa moyo wote, alitoa ahadi ambayo watu waliifia.

Kuwa mtenda ni kukubali kuulizwa, kwa jema na kwa baya. Ndiyo maana katika Kitubio hatuendi kueleza alichofanya shetani, wala jirani, wala mkubwa wetu wa kazi. Tunaeleza tulichofanya sisi.